Chupa Iliyoandikwa "Zabibu" Tu

Tangu nistaafu mwezi uliopita nimekuwa mtu wa kucheka peke yangu. Nakata mchicha uani kwangu hapa Mwandiga, ghafla nakumbuka jambo la ukumbini, kicheko kinanitoka, na jirani yangu ameshaanza kuniangalia kwa huruma. Kwa hiyo, wadogo zangu wa ukumbi, jiko na stoo, mliposema "Mama Yusta, tuandikie," nilikubali haraka. Bora niandike kuliko kuja kuombewa. Nani alipanda cheo na nani alilipwa vipi, hayo sitayagusa, maana hayajawahi kumchekesha mtu. Nitaandika ya chupa.

Mimi ni Muha wa Kidahwe. Mama yangu alikuwa akitengeneza urwarwa, pombe yetu ya ndizi, na nilipoingia hotelini nikiwa binti wa miaka ishirini na tano, hiyo ndiyo pombe niliyoijua. Divai ya kanisani niliiona kwa mbali, mikononi mwa padri. Hoteli ilikuwa na vyumba kumi na viwili, pale pale ufukweni Kigoma mnapopajua, na mwenyewe alikuwa Mtaliano mzee aliyeitwa Beppe. Zamani alikuja kufunga mabomba ya maji, akalipenda ziwa, akajenga, akabaki. Mtu alikuja kwa ajili ya maji akaishia kwenye mvinyo. Wakristo wenzangu mtakumbuka kuna harusi ilikwenda hivyo hivyo.

Masanduku yake yalikuja kwa treni kutoka Dar. Yakifika stesheni, Beppe alikataza chupa yoyote isifunguliwe mpaka ikae stoo mwezi mzima. "Zimechoka na safari," alisema. Sisi tuliosafiri na treni hiyo hiyo tulipewa siku moja.

Mtunza stoo alikuwa Mzee Elikana, na huyu ndiye mwalimu wangu. Alikuwa Mbembe, familia yake ilivuka ziwa kutoka Kongo yeye akiwa mgongoni kwa mama yake. Alikuwa mlokole, shemasi, mtu ambaye hajawahi kutia tone la pombe mdomoni. Na bado hakuna mtu Kigoma nzima aliyezijua zile chupa kama yeye. Ikifunguliwa chupa, anasogeza pua kwenye glasi, anafumba macho, halafu anakwambia imetoka upande gani wa Italia, na kama ina kasoro anakwambia kasoro. Siku ya kwanza nilimwuliza kama kanisani kwake wanajua. Akasema, "Mungu alikataza mudomo, mama. Pua hakuitaja."

Siku hiyo hiyo ya kwanza Beppe aliketi ukumbini ajifanye mgeni, anipime. Nikasimama mbele yake nimevaa aproni inayonuka chuma cha pasi. Akasema kwa sauti nzito, "Barbera."

Nikafurahi. Nikajua amependa nilivyosimama. Nikajibu, "Barabara!"

"Barbera," akasema tena.

"Barabara kabisa, bwana!"

"Barbera! Barbera!" Akapiga meza. Mimi nami nikapiga mguu chini kama askari, "Barabara!" Tungekuwa hapo mpaka leo kama Mzee Elikana asingetoa kichwa mlangoni mwa stoo. "Mama, ule muzee anataka chupa, hajakusifu." Ndipo nikajua Barbera ni aina ya zabibu nyeusi ya kaskazini kwao, yenye uchachu mzuri na rangi inayochafua kitambaa. Nilitamani ardhi inimeze. Beppe alicheka mpaka akafuta miwani, na kwa miaka yote iliyofuata, mkate ukitoka vizuri au bomba likipona, alisema "Barbera!" na jiko zima lilimjibu.

Basi akaanza kunifundisha. Alichora ile nchi yao yenye umbo la buti kwenye ukuta wa stoo kwa chaki, akagawa mikoa, na kila mkoa akaandika zabibu zake. Nilidhani anatania. Majina yalijaa ukuta yakapinda kona mpaka kwenye magunia ya mchele. Kuna mkoa mmoja kusini kwenye kisigino cha buti wana zabibu inayoitwa Susumaniello, na wenyewe husema jina limetokana na punda, kwa jinsi mti wake unavyobeba mzigo. Kuna nyingine kaskazini mashariki inaitwa Tazzelenghe, maana yake mkata ulimi. Kuna nyeupe inayoitwa Pecorino, wanasema kondoo walipenda kuila, na kuna jibini nalo linaitwa Pecorino, kwa hiyo mgeni akitaja jina hilo usikimbie, uliza kwanza anataka kunywa au kutafuna. Nilirudi nyumbani kichwa kinazunguka, na sikuwa nimeonja chochote.

Aliyenitoa gizani ni mama yangu. Nilikwenda Kidahwe siku ya mapumziko nikamlalamikia: watu hawa wana wazimu, kila kijiji zabibu yake na kila zabibu mvinyo wake, nani anaweza kushika hayo yote? Mama alikuwa anamenya ndizi za pombe. Hakuinua hata macho.

"Mwana wanje, urwarwa wangu na wa mke wa baba yako mdogo ni sawa?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini? Si ndizi? Si Kidahwe?"

"Wake ni wa bondeni. Una maji."

"Na wa wale wa kule mlimani?"

"Ule mkali. Unakwaruza koo."

"Sasa hao wazungu wamekukosea nini?"

Nilicheka njia nzima ya kurudi. Kumbe Italia ni Buha tu, ila imepewa lebo! Kila kilima kimeshikilia mmea wa babu zake na hakitaki kusikia wa jirani. Tangu hapo sikukariri tena, nilikuwa naitembelea ile ramani ya chaki kama mtu anayepita kwa shangazi zake, huyu mchachu, huyu mtamu, huyu mwenye maneno mengi.

Mzee Elikana alikuwa na daftari lake la stoo, na hili nawaomba mlitunze. Kila chupa iliyoingia aliiandika jina kama alivyolisikia, halafu akaongeza harufu kwa lugha ya kwetu: "udongo mvua ikianza," "embe limekaribia kulewa," "ngozi ya viatu vya mchungaji." Nebbiolo, ile zabibu ya ukungu ya kwao Beppe, aliiandikia "waridi na lami." Waridi nilisikia, lami sikuisikia kamwe, nikadhani mzee anajikweza. Miaka baadaye wakamwaga lami kufika kwetu Kidahwe. Nikashuka kwenye gari, joto la mchana, harufu ikanipiga usoni, nikapiga kelele njiani peke yangu, "Nebbiolo!" Kwa hiyo lishikeni hili, linawachanganya wageni kazini: Barbera hainuki barabara. Inayonuka barabara ni Nebbiolo.

Mawili matatu ya kazi, kabla sijasahau. Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha Italia wakati wa baridi, siyo ukumbi wetu mwezi wa tisa. Mimi niliwahi kumpelekea mgeni mvinyo mwekundu wa joto la Kigoma, akaniuliza kwa adabu kama kuna sukari ya kutia. Chupa ikae ndani ya ndoo ya maji ya ziwa dakika ishirini, itoke, ipumue. Samaki wetu mgebuka wa kukaangwa kwa mawese usimpe mvinyo mpole, mawese yataumeza. Mpe Barbera, uchachu wake unasafisha ulimi. Na mtu akisema Montepulciano, mwulize ni zabibu au ni mji. Kuna mji wa jina hilo, na mvinyo wake mkuu hautokani na zabibu ya jina hilo, na kuna zabibu ya jina hilo inayolimwa mkoa mwingine kabisa. Msinilaumu mimi, nimewakuta hivyo.

Sasa nifike kwenye chupa yenyewe.

Walikuja mke na mume, Nino na Ada, wa umri wa kati, kutoka kisiwa kimoja cha Italia kilichojitenga baharini huko kusini. Ada alikuwa na Kiswahili cha kuvunjavunja alichojifunza akiwa muuguzi katika misheni akiwa msichana. Nino hakuwa nacho hata kidogo, alikuwa na mikono tu. Walikaa mwezi mzima. Kila jioni walikaa kwenye ngazi za majini, Nino akimwimbia mkewe vibaya sana, na Ada akimwomba anyamaze huku akimshika mkono asiondoke. Niliwapenda. Siku ya kuondoka, Ada akiwa anafunga mizigo, Nino alikuja stoo kwa kunyata. Alikuwa na chupa nyeusi, imezibwa na nta, ina kikaratasi kimefungwa kwa uzi. Mvinyo ulitengenezwa na kaka yake. Kwa mikono na maneno machache akatueleza: atamrudisha Ada hapa siku moja, waunywe kwenye zile ngazi. Mimi nikaweka mkono kifuani. Nikamwahidi haitaguswa na mtu. Akamwambia Mzee Elikana jina la mvinyo, mara mbili, polepole, na Mzee akaandika.

Nino alipotoka nikachungulia daftari. Alikuwa ameandika: "Chupa ya Bwana Nino na Bibi. Isiguswe. Zabibu."

"Mzee," nikasema, "chupa zote humu ndani ni zabibu! Ni kama kumwandikia mgebuka 'samaki'!"

"Minaandika ile nilisikia."

Nilicheka, nikawahadithia jikoni, nao wakacheka, na kwa muda mrefu mtu akisahau jina la kitu tulimwambia aandike "zabibu." Mzee aliendelea kuhesabu chupa zake. Beppe siku hizo alikuwa kwao likizo, na aliporudi hakuna aliyekumbuka kumwuliza. Kikaratasi cha jina kilikuwa bado kwenye chupa, nani angehangaika?

Miaka ikaenda. Mzee Elikana akastaafu. Beppe akafariki, tukamzika tukiwa tunalia na kucheka, maana mpishi alishindwa kujizuia akasema "Barbera" kaburini. Kisha ukaja ule mwaka ziwa lilipopanda. Ninyi mliokuwepo mnajua. Stoo yetu ilichimbwa ukingoni makusudi ili iwe na ubaridi, na maji yalipoamua kurudi kwao yaliingia bila hodi. Tulitoa chupa mikononi, watu kwenye mstari, maji magotini. Zilizopona zilikuwa arobaini na moja, na zote uchi. Lebo zilibaki nyuma zikielea. Ramani ya chaki ilifutika mpaka kifundo cha mguu wa buti, kisha goti, kisha yote. Daftari lilipona kwa sababu mimi nilikuwa nimelifunga kichwani kwa kanga.

Nilizipanga chupa kwenye baraza la jikoni zikauke. Nyingine nilizitambua kwa mabega na shingo, kwa maana kila mkoa una chupa unayoipenda. Nyingi hapana. Ya Nino, kaka yake alitumia chupa yoyote tu nyeusi, na nta yenyewe ilikuwa imebanduka. Na juu ya hayo, sisimizi! Kuna chupa moja ya mwisho ukutani walikuwa wanaipanda kila siku. Nikaipangusa, wakarudi. Nikaihamisha, wakaifuata. Nikawagombeza watu wa jikoni kwamba wamemwaga soda, wakaapa hawajamwaga, nikawaambia sisimizi hawasemi uongo.

Wiki hiyo hiyo ukaja ujumbe kutoka kwa Ada. Nino alikuwa amefariki. Siku zake za mwisho alimweleza siri ya chupa, akamwambia, "Nenda kwa Yusta, ameahidi." Anakuja.

Jamani! Nilikimbilia daftari kama mtu anayekimbilia dawa, nikafungua ukurasa, na hapo palikuwa pamekaa neno moja linanitazama: zabibu. Sikucheka siku hiyo. Asubuhi ya siku aliyofika Ada nikatuma bajaji ikamchukue Mzee Elikana kwake, akaja na fimbo yake, akanusa vizibo vyote arobaini na moja, kimoja kimoja, asubuhi nzima. Mwishowe akakaa chini. "Pua haipite ndani ya kizibo, mama. Na jina sikumbuki. Minakumbuka tu niliandika sawa." Kufungua zote tusingeweza. Chupa ikishafunguliwa kabla hajafika, si ile aliyoachiwa na mumewe tena.

Ada alifika mchana. Nywele zote nyeupe, mwili umepungua, macho yale yale. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, yote yakapotea. Nikamshika mikono nikamwambia ukweli: maji yaliingia, chupa ipo, lakini ipi, sijui. "Nisamehe, mama. Nilimwahidi, na nimeshindwa." Nikalia mbele ya mgeni, jambo nililowakataza ninyi wote.

Ada akanifuta machozi. Kisha akauliza kama hatukuandika popote. Nikamletea daftari kwa aibu, nikaweka kidole kwenye mstari. Akasoma kwa kuvuta herufi, "Za-bi-bu." Uso ukamfunguka. "Sì! Zibibbo!"

"Ndiyo, mama. Zabibu."

"Zibibbo!"

"Zabibu, ndiyo, lakini zabibu gani?"

"Zibibbo, Yusta! Zibibbo!" Akapiga meza.

Alipopiga meza, nikanyamaza. Nilikuwa nimeshawahi kusimama hapa. Meza hii hii, sakafu hii hii, mzungu anapiga meza na mimi namjibu kwa furaha neno la kwetu. "Mama," nikasema polepole, "Zibibbo ni jina lake?"

Ni jina lake. Ni zabibu ya kisiwa chao. Na kwa kile Kiswahili chake akaeleza, akichora hewani kama Nino: wanavuna, wanatandaza juani, zinajikunja, zinakuwa ndogo, ndipo wanakamua. "Tamu," akasema. "Tamu, tamu, tamu, kama asali."

Nilivua viatu. Mwanamke mzima, Mama Yusta wa ukumbi, nilikimbia kupitia jikoni huku napiga kelele, "Sisimizi! Msiwaue sisimizi!" Mpishi alikuwa ameshika ufagio tayari. Nikamnyang'anya. Na hapo barazani, mstari wao mwembamba ulikuwa unatoka kwenye ufa wa ukuta, unapita mguu wa meza, unapanda chupa ile ya mwisho mpaka kwenye kizibo, mahali ambapo utamu ulikuwa unavuja kidogo kidogo tangu nta ibanduke. Siku zote walikuwa wananiambia, na mimi nawapangusa. Nilitaka kumbusu kila mmoja.

Tulishuka wote watatu mpaka kwenye ngazi, zile za juu, za chini ziwa lilikuwa bado limekalia. Kizibo kilikuwa kimechoka, nilikizungushia kizibuo polepole kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Rangi ilitoka ya chai nzito. Ada akamimina, na glasi ya kwanza akampa Mzee Elikana, maana Nino alimsimulia habari ya ile pua. Mzee akafumba macho. "Ganda la chungwa," akasema. "Asali ya porini. Embe limekaukia juu ya mabati." Halafu akairudisha glasi kwa Ada ikiwa imejaa vilevile, na Ada akainywa yeye, akafumba macho yake pia, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko. Akaanza kuimba ule wimbo, vibaya kama mumewe.

Alipotulia akasema kisiwani kwao wazee wanajua jina hilo halikuwa lao. Liliachwa na Waarabu waliokuja na mmea wenyewe. Kwa Kiarabu ni zabib. "Mzee hakukosea," akasema. "Sisi ndio tumelipinda."

Mzee Elikana alinigeukia taratibu sana. "Miaka yote ile, mama. Miaka yote munanicheka."

"Nisamehe, Mzee."

"Na 'samaki' yako ya mugebuka."

"Nisamehe, Mzee wangu." Nilikuwa nacheka na kulia, na ule mvinyo, nakiri, nilikuwa nimeshaonja zaidi ya kazi ilivyotaka.

Akanipa kalamu, akaniamuru nimalize mstari wake, kwa sababu kitu kikitoka stoo lazima kiandikwe kimetoka. Nikafungua daftari gotini. Chini ya neno "Zabibu" nikaandika kwa herufi kubwa: "Imenywewa na mwenyewe. Barabara."

Ada akainama begani kwangu, akasoma kwa kuvuta herufi, akakunja uso.

"Barbera?" akasema. "No, no, Yusta! Zibibbo!"

Mzee Elikana alicheka mpaka fimbo ikamdondokea majini.